Jina Moja Kila Asubuhi

Jumatatu, 1 Machi

Daftari hili sasa lina pande mbili. Mbele ni rejista ya ukaguzi wa lango: tarehe, saa, matokeo, sahihi yangu. Leo nimeligeuza kichwa chini na kuanza kuandika kutoka nyuma. Muuguzi wa kliniki alinishauri niandike yanayonikaa rohoni, na sikuona sababu ya kununua daftari jipya wakati hili lina kurasa chungu nzima zisizo na kazi.

Nimerudi kazini. Ni siku ya kumi na nane tangu mume wangu atutoke. Watu wa ofisini wananisemesha kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mkuu wa kitengo alinivutia kiti changu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka tisa. Nilipoketi akakosa la kufanya na mikono yake, akaondoka.

Kazi yangu si ya kusimulia watu kwenye sherehe. Shirika letu la maji lina seva moja tunayoiita lango, na kila barua pepe itokayo nje hupitia hapo kwanza. Lango lina nakala ya orodha ya wafanyakazi. Barua ikifika, lango linatazama jina juu ya bahasha: likiwamo kwenye nakala, ipite, lisipokuwamo, irudi ilikotoka. Halifungui wala halisomi. Nakala hiyo hujazwa upya kila saa chache kutoka kwenye orodha kuu iliyo ndani, na mimi huhakikisha kwamba orodha hizo mbili zinafanana. Kila asubuhi naandika amri moja kwenye skrini nyeusi, na mwisho wa amri hiyo naweka jina la mtu mmoja wa mfano. Yeyote tu.

Miaka saba iliyopita niliweka jina la fundi mmoja wa pampu aliyekuwa ananichekesha kwenye foleni ya chai. Nikalizoea. Baadaye nikaolewa naye. Alipogundua kwamba kila siku jina lake ndilo la kwanza kuandikwa ofisini, alivimba kichwa wiki nzima. Aliniita bawabu wa barua, nami nikamwita msukuma maji, na hivyo ndivyo tulivyoitana mpaka mwisho.

Leo vidole viliandika jina lake kabla sijafikiri. Skrini ikajibu neno lake lile lile: imelingana.

Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Jumanne, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Imelingana.

Ijumaa, 5 Machi

Afisa Utumishi amekuja mwenyewe mezani kwangu na karatasi ameikunja mara nne, kama anayeleta hati ya kesi. Ni fomu ya kuondoa mtumishi kwenye orodha kuu. Kwenye kisanduku cha sababu kuna tiki mbele ya neno "amefariki". Akaniambia nifanye kwa wakati wangu, hakuna haraka. Ni mama wa watu, hana neno baya na mtu, lakini kwa dakika ile nilimchukia.

Nimeiweka fomu kwenye droo ya chini, chini ya nyaya za zamani.

Tatizo ni kwamba leo ni Ijumaa. Siku nyingine natafuta jina moja tu, lakini Ijumaa ni ukaguzi kamili: amri inapitia majina yote, moja baada ya jingine, kwa dakika arobaini, na ripoti inakwenda yenyewe kwa Mkuu na kwa Afisa Utumishi. Wangeona jina lake limo bado.

Sikuifanya. Upande wa mbele wa daftari nimeandika: ukaguzi kamili, sawa. Nikatia sahihi.

Huku nyuma naandika ukweli. Nataka kuwe na mahali pamoja hapa duniani nikiuliza habari zake nijibiwe kwamba yupo.

Jumapili, 7 Machi

Mama mkwe hajaondoka tangu msiba. Hakuna aliyemwomba akae na hakuna aliyemwambia aende. Anaamka kabla yangu, anafagia mahali palipofagiliwa, anapanga masufuria upya kwa mpangilio wake, nami natafuta mfuniko asubuhi nzima.

Leo nimemkuta amesimama mbele ya kalenda ya jikoni na mkono wake uko kwenye ukurasa wa Februari. Mume wangu alikuwa mtu wa kalenda. Kila mwaka mpya, kabla hata hajaitundika, alikuwa anakaa nayo mezani na kalamu yake nyekundu: lini gesi itaisha, lini kulipia takataka, siku ya kuzaliwa ya mama yake. Kwenye Februari kuna duara moja tu, tarehe ishirini, ya kumpeleka mama kupima macho. Hakuifikia.

Mama alitaka kufunua ukurasa. Nikamwambia aiache. Akasema Februari imekwisha. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima, kwamba humu ndani haijaisha.

Alishusha mkono akaenda kufagia.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua kubwa, barabara ya nyuma imegeuka mto. Imelingana.

Siku nzima nimekuwa na ile hali ya mtu aliyesahau kitu. Saa ya chakula nikachukua teksi mpaka nyumbani kuangalia kama nimeacha jiko linawaka. Lilikuwa limezimwa. Mama mkwe alinitazama nikizungukazunguka jikoni na viatu vyenye tope, akanipa kitambaa nifute.

Ijumaa, 19 Machi

Ukaguzi kamili, sawa. Ndivyo nilivyoandika mbele, kwa mara ya tatu. Uongo wa kwanza uliniuma. Huu nimeuandika huku nakunywa chai.

Jumatatu, 22 Machi

Tumepata mtu mpya maabara. Mvua zikizidi, maji yanachafuka na vipimo vinaongezeka, kwa hiyo wameajiri mpima maji, binti mwembamba ametoka chuoni juzi, na koti lake jeupe limemzidi kote. Meza yake imetenganishwa na yangu na ukuta wa mbao tu. Nimemfungulia anwani ya barua pepe kwenye orodha kuu. Alipoiona imeandikwa na jina la shirika mwishoni, alisoma kwa sauti, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi ingawa ilikuwa pale mbele yake kwenye skrini. Alisema baba yake atapenda kuiona.

Alhamisi, 25 Machi

Ana maneno yule binti, asante Mungu. Ukuta wa mbao haumzuii.

Baba yake ni mwalimu mstaafu, amebaki huko kwao, anaangaliwa na dada yake, shangazi wa binti. Mwaka juzi alipasuliwa koo na sauti ikaenda na upasuaji. Tangu hapo simu kwao ni ya upande mmoja: binti anasema, baba anagonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Kwa hiyo mzee anaandika. Ana kompyuta ya mezani ya siku nyingi, herufi amezikuza mpaka mstari mmoja unajaza skrini. Ujumbe wa simu hautaki, anasema ni maneno ya watu wasiojua nukta. Alikuwa anamwandikia bintiye kwa anwani ya chuo, na chuo kimeifunga alipomaliza.

Waliachana vibaya. Mzee hakutaka aje huku. Asubuhi ya safari alimwekea karatasi juu ya begi: "Huko uendako hakuna akujuaye." Binti aliisoma, akaiacha pale pale, akaondoka bila kuaga.

Juzi Jumatatu, siku yake ya kwanza, alimwandikia baba yake barua ndefu ya kuomba msamaha na kumpa anwani mpya. Sasa anasubiri. Ameniambia hatapiga simu, kwa sababu hataki kusikia meza ikigongwa mara mbili.

Nikamwambia wazee huchukua muda.

Jumanne, 30 Machi

Imelingana. Binti ameniuliza saa ngapi barua za nje huwa zinaingia. Nimemwambia saa zote.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekuta kabati la mume wangu liko wazi na nusu ya nguo hazimo. Mama mkwe amezipeleka kwa watu. Nikamwambia hakuwa na haki, nguo zile ni za mume wangu. Akasema, taratibu kabisa, kwamba kabla hazijawa za mume wangu zilikuwa za mtoto wake, na kwamba kuna mtu anapita kwenye mvua bila koti.

Nimelala bila kula. Mbele nimeandika: ukaguzi kamili, sawa. Afisa Utumishi aliniuliza kuhusu ile fomu nikasema naishughulikia.

Jumanne, 6 Aprili

Wameleta fundi mpya wa pampu. Amepewa buti za mume wangu kwa sababu zinamtosha. Nimemfungulia anwani nikiwa nimeangalia kibodi tu.

Jumatatu, 12 Aprili

Nataka niandike leo neno kwa neno, ingawa sijui kwa nini.

Binti wa maabara alikuja mezani kwangu kabla sijavua koti la mvua. Macho yamevimba. Shangazi yake alimpigia jana, na katika kusalimiana akamwambia: "Baba yako anasema huko kazini kwako hawakujui."

Akaniambia, "Unaona, dada? Ananirudishia maneno yale yale. Wiki tatu hajanijibu, halafu ananitumia kejeli kwa mdomo wa shangazi."

Nikamwambia pengine ni utani wa wazee.

Akachezea kifungo cha koti lake. Kisha akauliza, "Au inawezekana barua zake zinakwama mahali? Wewe ndiye unayejua haya mambo."

Nilikuwa nimeshakagua asubuhi hiyo. Neno lilikuwa bado kwenye skrini. Nikamgeuzia aone. "Lango liko sawa," nikamwambia. "Nimekagua sasa hivi. Imelingana."

Akalitazama lile neno kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Akashukuru. Akarudi kwenye chupa zake, na siku nzima sikusikia sauti yake ukutani.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Pampu ya pili imezimika saa nne nzima. Fundi mpya hakujua kwamba inataka kupigwa ubavuni. Imelingana.

Jumatatu, 19 Aprili

Baba wa binti amefariki Jumamosi. Ule ugonjwa wa koo aliopasuliwa ulirudi kimya kimya na hakumwambia mtu. Shangazi alimkuta ameketi kwenye kiti chake mbele ya kompyuta.

Binti ameondoka kwa basi la asubuhi. Kabla ya kwenda alipita kuniachia funguo za maabara. Alisema kitu kimoja tu: "Hata neno moja, dada. Alikufa amenikasirikia." Nilimkumbatia.

Jumatano, 28 Aprili

Leo sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi mwuza vipuri vya pampu amepiga simu, amefura. Mara nne amemwandikia fundi wetu mpya bei za vipuri, mara nne barua imerudi ikisema mpokeaji hajulikani. Nikamwambia hilo haliwezekani. Nikaandika ile amri nikaweka jina la fundi mpya.

Halikulingana. Kwenye orodha kuu yumo, kwenye lango hayumo.

Nikaendesha ukaguzi kamili, ule wa dakika arobaini ambao sijaufanya tangu Februari. Sikuhitaji hata kusubiri umalize. Mara ya mwisho lango kupokea majina mapya ilikuwa tarehe 15 Machi, saa sita mchana.

Kati ya lango na orodha kuu kuna kibali, faili dogo la siri linalofanya viaminiane. Kina maisha ya mwaka mmoja. Kikifa, lango halifungi wala halilalamiki kwa sauti. Linabaki na nakala ya zamani na kuendelea na kazi. Wote waliokuwamo wanaendelea kupata barua zao kama kawaida. Barua za ndani hazipiti langoni, na za kwenda nje hazihitaji kibali hicho. Anayeumia ni yule aliyekuja baada ya tarehe ile, na yeye anaona kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kwamba hakuna anayemwandikia kutoka nje.

Kibali hicho nakifanya upya mimi, kila Machi, miaka yote. Sijawahi kusahau hata mara moja. Nimekaa nikijiuliza miaka yote hiyo nilikuwa nakumbuka vipi.

Na jina la mume wangu limo kwenye orodha zote mbili, kwa sababu sikumwondoa. Kila asubuhi kwa wiki sita nimeliuliza lango habari za marehemu, likanijibu kweli tupu. Ningeweka jina la yeyote aliye hai na mgeni, ningejua siku hiyo hiyo. Ningefanya ukaguzi wa Ijumaa moja tu, ningejua.

Kisha nikafungua kumbukumbu za barua zilizokataliwa, nikatafuta anwani ya binti. Nilikuwa najua nitakachokiona, na bado niliomba nisikione.

Mistari minne. Tarehe 22 Machi, jioni ile ile aliyomwandikia. Tarehe 23. Tarehe 30. Tarehe 9 Aprili. Mtumaji mmoja. Mbele ya kila mstari: mpokeaji hajulikani. Barua zenyewe hazipo, kwa sababu lango hukataa kwenye bahasha, kabla maneno hayajaingia.

Kumbe mzee hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimefanya kibali kipya. Kilichukua dakika sita.

Jumatatu, 3 Mei

Binti amerudi, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Nilimwomba tutoke tukaketi kwenye ngazi za nyuma, mahali ambapo mvua haifiki.

Nikampa karatasi yenye mistari minne. Nikamweleza kibali, nikamweleza lango. Kisha nikamweleza na jambo ambalo ningeweza kulificha: fomu iliyo kwenye droo, jina ninalolitumia, Ijumaa nane nilizodanganya. Nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza, nilimwonyesha jina la mume wangu.

Alisoma karatasi mara nyingi. Kidole chake kikawa kinapita juu ya tarehe.

"Jioni ile ile," akasema. "Alinijibu jioni ile ile."

Nikasema ndiyo.

"Na nilikuuliza."

Nikasema ndiyo, uliniuliza.

Akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia. Akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa koti, akaniambia kwamba anasikitika sana kwa ajili ya mume wangu, lakini yeye hakumjua mume wangu. Akaingia ndani.

Jumatano, 5 Mei

Nimemweleza Mkuu habari za kibali na za Ijumaa nane, na kumpa daftari, upande wa mbele. Angepiga kelele ningepata pa kupumulia. Alifunua kurasa za Machi na Aprili, akahesabu Ijumaa kwa kidole, akavua miwani. Nimepewa onyo la maandishi, na ukaguzi kamili ni kila siku mpaka mwisho wa mwaka. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema ilikuwa juu yake kuuliza ripoti za Ijumaa ziko wapi na kunipa mtu wa kunishika mkono, na kwamba aliona kunivutia kiti kumetosha.

Fomu bado iko kwenye droo, na jina lake bado linapita kwenye ripoti. Hilo sikumwambia, na yeye hakuniuliza.

Jumatatu, 10 Mei

Ukuta wa mbao uko kimya. Anapita mbele yangu kwenda kuchota sampuli na ananisalimu, salamu kamili, kama anavyomsalimu mlinzi. Mvua zinapungua.

Jumanne, 18 Mei

Asubuhi amekuja na boksi limefungwa kwa kamba. Akaliweka juu ya meza yangu. Ni ile kompyuta ya baba yake; shangazi ameituma kwa basi.

"Sijakusamehe, dada," akasema. "Nimekuletea kwa sababu hakuna mwingine anayejua."

Nikamwambia sawa.

Tukaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuamka, na herufi zake zilikuwa kubwa kweli, kila neno kama kibao cha barabarani. Nikafungua sanduku la barua zilizotumwa. Zilikuwamo zote nne. Nikageuza uso nisisome. Nikamwambia anaweza kuzisoma hapo hapo.

Akakataa. Anataka zifike. Alisema baba yake alizituma kwenye anwani ya kazi na huko ndiko zinakotakiwa kufika.

Basi nikaziunganisha mashine, nikatuma zile barua upya moja moja kwenda kwenye anwani yake, kisha nikamgeuzia skrini ya lango ili aone mwenyewe, maana neno langu halina thamani tena kwake. Mstari wa kwanza ukapita: imepokelewa. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ulichelewa kidogo, kisha nao ukapita.

Akaenda mezani kwake. Nilimsikia akiketi. Nilimsikia akicheka mara moja, kicheko kifupi cha mtu anayemkumbuka mtu, halafu akaanza kulia na hakujizuia. Nilibaki kwenye kiti changu. Sikuwa na haki ya kwenda.

Kabla ya chakula cha mchana alikuja akasimama kwenye ukingo wa ukuta. Alisema barua ya kwanza ni ya kumwambia kwamba yale maneno ya juu ya begi ayafute, kwamba aliyaandika kwa woga. Ya mwisho ni fupi. Alikuwa ameinakili kwa mkono, akanisomea, na naiandika hapa kwa sababu sitaki kuisahau:

"Mwanangu, wamesema tena hawakujui. Nadhani ni macho yangu yananidanganya, ninanakili vibaya. Usidhani nimenyamaza. Nitajaribu tena macho yakipumzika."

Alidhani kosa ni lake, yule mzee, na kosa lilikuwa langu.

Ijumaa, 21 Mei

Nimetoa fomu chini ya nyaya. Mikunjo yake bado ilikuwa minne.

Nimeliondoa jina lake kwenye orodha kuu, na orodha kuu ikalipeleka neno langoni. Nilisubiri. Kisha nikaandika ile amri, na mwisho wake jina lake, kwa mara ya mwisho. Skrini ikajibu: hayupo.

Nikajibu kwa mdomo, peke yangu pale: najua.

Baada ya hapo nikafanya ukaguzi kamili, nikaketi dakika zote arobaini nikiyaangalia majina yanapita. Yote yamelingana. Nimeandika mbele, nikatia sahihi, na safari hii ni kweli.

Jumapili, 30 Mei

Wiki hii haijanyesha. Mama mkwe ameanika magodoro nje.

Nimemkuta jikoni amekaa anachambua mboga mgongo wake ukiwa upande wa kalenda. Miezi mitatu anakaa hivyo kila siku ili asiiguse kwa macho, na mimi sikuwa nimegundua. Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile, na ya nguo. Akasema mtu aliyefiwa hapimwi kwa maneno yake. Kisha akaniuliza kama yule aliyepewa koti nimemwona. Nikasema hapana. Akasema yeye amemwona mara mbili, linamkaa vizuri.

Nikasimama, nikashika ukingo wa Februari, nikaufunua.

Kwenye Machi kulikuwa na duara moja la kalamu nyekundu. Tarehe kumi na tano. Pembeni ameandika kwa mkono wake ule wa kubanana, na hapo hapo nikakumbuka: kila mwaka, asubuhi moja ya Machi, akiwa anafunga kamba za buti, alikuwa ananiuliza, "Na lango lako, bawabu, limekula leo?" Nami nikadhani ni utani wake tu, nikaenda kazini nikafanya kibali, nikajisifu kwa kuwa na kumbukumbu nzuri.

Mama alinyanyua uso. Macho yake hayashiki maandishi madogo, hakupelekwa kupimwa.

"Ameandika nini?" akauliza.

Nikamsomea: "Kibali cha lango la mke wangu. Nimkumbushe, yeye hakumbukagi."

Mama akaacha mboga. Akaniomba nimsomee tena, nikamsomea.